Skafu ya Kashmiri: Namna ya Kuichagua na Kuitunza

Kashmiri ni nywele. Mtu akilishika jambo hilo tangu dukani hadi kwenye beseni la kufulia, ataepuka makosa mengi yanayoziharibu skafu za bei kubwa, kwa sababu karibu kila kinachodhuru nywele za kichwani huidhuru na skafu: maji ya moto, sabuni kali, kusuguliwa ikiwa imelowa na kukaushwa kwa joto kali.

Nywele hizo ni za mbuzi, ila si yale manyoya marefu ya nje yanayoonekana kwa mbali. Mbuzi wa nyanda za juu zenye baridi kali, kama vile Changthang huko Ladakh, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,000, huota chini ya manyoya yake tabaka la nywele nyororo za kumkinga na baridi, na wafugaji huzichana kwa vitana majira ya machipuko, zinapoanza kung'oka zenyewe. Siku hizi sehemu kubwa ya nywele hizo hutoka China na Mongolia. Sheria ya Marekani ya lebo za sufu hairuhusu kitu kiitwe kashmiri ikiwa unene wa wastani wa unywele wake unazidi maikroni 19 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na pashmina, yaani kashmiri nyororo ya mbuzi wa Ladakh, ni nyembamba zaidi, kati ya maikroni 12 na 16, ilhali unywele wa binadamu hufikia takriban 70. Mbuzi mmoja hutoa kama gramu 150 hadi 200 za nywele safi kwa mwaka, kiasi cha kutosha skafu moja tu. Kwa hiyo muuzaji anayekupa skafu tatu za "kashmiri halisi" kwa bei ya chakula cha mchana hawezi kuwa anakwambia kweli.

Shali yangu ya kwanza niliinunua Muscat, mji ambao vilemba vyake bora hufumwa kwa sufu ya Kashmir, nikadhani kwamba mahali kama hapo mtu hawezi kudanganyika. Muuzaji aliivuta yote ndani ya pete yake ya kidoleni, ikapita kama maji, nami nikalipa bila kuuliza zaidi. Nilipofika nyumbani nilikata uzi mmoja wa matamvua na kuuchoma juu ya sahani: ulinuka karatasi iliyoungua, maana yake ilikuwa viskosi tupu, yaani uzi unaotengenezwa kiwandani kwa mbao. Jaribio la pete halithibitishi chochote, kwani hariri nyembamba na viskosi hupita vilevile, na kashmiri halali iliyofumwa nzito hukwama. Jaribio la moto lina faida kidogo zaidi, kwa kuwa uzi wa mnyama hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika vidoleni, ilhali akriliki, uzi wa plastiki, huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Hata hivyo sufu ya kondoo nayo hunuka hivyohivyo, kwa hiyo moto unaweza kumfichua mwongo, lakini hauwezi kumthibitisha mkweli.

Soma lebo kwanza. Neno "pashmina" peke yake halikuhakikishii kitu, tafuta asilimia. Mchanganyiko wa kashmiri na hariri si udanganyifu ikiwa umeandikwa wazi, na kwa hali ya hewa ya pwani huenda ukakufaa zaidi. Jina la Kashmir Pashmina linalindwa kisheria nchini India tangu 2008, nalo ni la shali zilizosokotwa na kufumwa kwa mkono. Ukitajiwa shatushi, ondoka: hiyo hutokana na paa wa Tibet ambaye huuawa ili manyoya yake yapatikane, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku.

Baada ya lebo, tumia mkono. Sugua kitambaa kwa kiganja mara kumi hivi. Ukiona vijidonge vimeanza kujikusanya palepale, nywele zake ni fupi na kitachakaa upesi. Usivutwe mno na ulaini wa dukani, kwa sababu skafu nyororo kupita kiasi mara nyingi imelainishwa kwa dawa au imeoshwa mno kiwandani, ilhali kashmiri njema huzidi kulainika kadiri inavyovaliwa.

Kufua kwake hakuhitaji vifaa vya ajabu. Tia maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi joto 30 za Selsiasi katika beseni, changanya kijiko kimoja cha shampuu ya mtoto, kisha ndipo uitumbukize skafu na kuiacha kwa dakika kama tano. Ibonyeze polepole, usiisugue: unywele una magamba madogo sana, na ukichanganya joto na msuguano magamba hayo hushikana, kitambaa kikajikunja na kuwa kigumu, na hapo hakuna dawa. Epuka sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuyeyusha madoa ya protini, kwa kuwa unywele wenyewe ni protini. Ukiitoa, ibebe kwa mikono miwili kutoka chini kama unavyomtoa mtoto majini, maana ikining'inia na uzito wa maji hurefuka. Isuuze kwa maji ya joto lilelile, izungushe ndani ya taulo nene na kukandamiza bila kuikamua, kisha itandaze kivulini juu ya taulo kavu. Kamba haifai, wala hanga.

Kwa wanaoivaa kama ushungi, pini ndiyo adui wa kwanza, kwani huvuta nyuzi na kuacha matundu. Sumaku za mtandio ni salama zaidi. Ukiifukiza udi, iweke mbali na chetezo, kwa sababu cheche moja huacha tundu lisilozibika vizuri.

Usiihifadhi ikiwa na jasho au mafuta, kwani viwavi wa nondo hula nywele, nao hupenda zaidi zilizochafuka. Iweke safi na kavu ndani ya mfuko wa pamba, si wa nailoni, ambao pwani huleta ukungu. Kafuri na karafuu huacha harufu nzuri kabatini, ila zisitegemewe kuua viwavi. Ukikuta matundu, funga skafu katika mfuko usiopitisha hewa na uiweke kwenye friza kwa wiki mbili. Ukiitoa, usiufungue mfuko mpaka baridi yote iishe, ili umande ubaki juu ya mfuko na usiilowanishe skafu.