Jinsi ya kushabikia timu ya kriketi ya kaunti isiyotabirika bila kuugua presha

Wiki hii timu yako inamchapa kinara wa ligi bila hata kulazimika kupiga mara ya pili, wiki ijayo wapigaji wake wote wanatolewa kwa mikimbio (alama) 110 na timu ya mkiani, na wewe umekaa na simu mkononi hujui umkasirikie nani. Hiyo hasira ni halali kabisa, hata mimi ninayo kila msimu, ila inauma zaidi pale usipojua kilichoiharibu mechi ni nini, sasa ngoja tuelekezane.

La kwanza na kubwa kuliko yote, acha kuihesabu kama timu moja. Kaunti ya Uingereza, yaani klabu inayobeba jina la jimbo lake, inacheza Championship, ligi ambayo kila mechi ni ya siku nne, mechi 14 kuanzia Aprili hadi Septemba, humo katikati wanaingiza T20 Blast, mashindano ya mechi fupi za ova 20 kila upande (ova moja ni mirusho sita), halafu tangu 2021 ikifika Agosti The Hundred, shindano la timu nyingine lenye mirusho 100 kila upande, inazoa wachezaji wazuri na One-Day Cup, kombe la kaunti la mechi za siku moja, inachezwa na waliobaki, yaani vijana wa akademi na wakongwe wawili watatu. Ongeza timu ya taifa inayomwita mpigaji wenu bora pale pale anapoanza kushika moto, ongeza mchezaji wa kigeni aliyekuja kwa mechi chache akaaga, na wageni wenyewe kikosini mwisho wawili. Kwa hiyo kabla ya kuangalia matokeo soma kikosi kwanza, kilinganishe na cha mechi iliyopita. Ukikuta wamebadilika wanne au watano, iliyofungwa ni timu nyingine kabisa iliyovaa jezi yenu, na swali la kuuliza ni kwa nini hakuna akiba ya kutosha, sio kwa nini vijana "hawajitumi". Hilo neno hawajitumi linatumika ovyo sana jamani.

Na usichanganye mashindano. Leicestershire walibeba taji la T20 mwaka 2011, ila kwenye Championship wakakaa toka Septemba 2012 mpaka Juni 2015 bila kushinda mechi hata moja, misimu ya 2013 na 2014 yote ikaisha kapa. Gloucestershire 2024 wamechukua Blast huku Championship wako daraja la pili. Hiyo ni michezo miwili tofauti, inataka watu tofauti, kila shindano lipe daftari lake.

Sasa tuje kwenye lile linalotuua wengi, kuporomoka. Umelala timu iko 190 kwa wiketi 2, yaani mikimbio 190 na wapigaji wawili tu wametolewa, unaamka, 241 wote nje. Kabla hujatukana fungua skokadi (karatasi ya matokeo ya mechi) uangalie wiketi zilianguka ova ya ngapi, hiyo namba inasema mengi kuliko jumla ya mikimbio. Zikifika ova 80 timu inayorusha inaruhusiwa kuchukua mpira mpya, na mpira mpya ni mgumu, mshono umesimama, unapinda hewani, ukidunda unaruka usipotegemea. Wiketi nne zikianguka kati ya ova ya 81 na ya 92 ujue wapinzani walingojea saa yao na wakaitumia vizuri, wapigaji wa chini wakakutana na kitu ambacho hata wa juu wangehangaika nacho, hapo hakuna wa kulaumiwa sana. Lakini zikianguka ova ya 55 hadi 65, mpira umeshachakaa, pichi (ule ukanda unapodundia mpira) imetulia, jua linawaka, na watatu wametoka kwa kudakwa mbali wakijaribu kupaisha juu ya mrushaji wa spini (anayeuzungusha mpira), aisee hapo kasirika, una haki yako yote. Klabu nyingi zinaonyesha mechi zao bure mtandaoni, rudi uangalie hizo wiketi moja moja, dakika kumi zinatosha na utajua mengi kuliko kusoma malalamiko ya watu usiku kucha.

Angalia na mwezi pia. Mikimbio 150 ya Aprili kwenye pichi yenye unyevu chini ya mawingu sio 150 ya Julai. Mpira nao una yake, kawaida ni wa chapa ya Dukes ila kati ya 2023 na 2025 raundi kadhaa zilichezwa na wa chapa ya Kookaburra ambao mshono wake unalala mapema, ndo maana mrushaji aliyekuwa anatisha wiki mbili nyuma ghafla alionekana wa kawaida tu, mtu hajashuka kiwango, kifaa kimebadilika.

Na kama unadhani ni nyinyi tu mnaopanda na kushuka hivi, hebu ona. Yorkshire mabingwa 2001, wakashuka daraja 2002. Nottinghamshire mabingwa 2005, wakashuka 2006. Lancashire 2011 wamechukua ubingwa wao wa kwanza wa peke yao toka 1934, watu wamelia kwa furaha, 2012 wakashuka. Middlesex hivyo hivyo, mabingwa 2016, wakashuka 2017. Essex wao walienda upande wa pili, 2016 wanashinda daraja la pili na 2017 ni mabingwa wa England. Ndo maana usiangalie ushindi peke yake, ushindi ni pointi 16 lakini kuna hadi 5 za kupiga na 3 za kurusha ndani ya ova 110 za mwanzo, na timu kama yetu inayofungwa fungwa mara nyingi huokolewa au huzamishwa na hizo ndogo ndogo. Zihesabu toka Aprili, usingoje Septemba.

Ukishajua kosa liko wapi, lipeleke panapostahili. Kijana wa miaka 19 aliyetupwa kufungua innings (zamu ya timu kupiga) asubuhi ya mawingu mwache apumue, usimfuate na matusi. Kaunti nyingi bado ni mali ya wanachama, kwa hiyo ukiweza jiunge, nenda mkutano mkuu wa mwaka na skokadi zako, simama uulize kwa nini msimu umeanza na warushaji wa kasi wanne tu wazima wakati ratiba ni ile ile kila mwaka, na usikae mpaka mtu ajibu.