Kusimamisha chama kidogo ndani ya ngome ya vyama vikubwa

Ukitaka kuanzisha chama cha siasa nchini Kenya ukiwa Kisumu, piga hesabu ya kaunti kabla ya kuchapisha fulana. Msajili wa Vyama vya Siasa hutoa kwanza usajili wa muda, kisha una siku 180 za kutimiza masharti ya usajili kamili. Sharti linaloangusha wengi ni la wanachama: wapiga kura 1,000 katika kila kaunti, na kaunti zizidi nusu ya 47, yaani zisipungue 24. Nyanza na Magharibi kwa pamoja ni kaunti 10 tu. Ongeza Bonde la Ufa lote, Turkana na Samburu zikiwemo, ndipo utimize 24 kamili bila hata moja ya akiba. Ndiyo maana vyama vya mfukoni, vile vilivyokwisha sajiliwa lakini havina wafuasi, havikosi wanunuzi.

Kusanya majina 1,300 hivi kila kaunti, maana mengine yatakatwa. Sheria hairuhusu mtu kuwa katika vyama viwili, na 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikishwa kwenye vyama bila habari. Kabla mtu hajatia sahihi, aangalie hali yake kwenye eCitizen papo hapo; akijikuta kwingine, ajiuzulu kwanza. Nakili namba kutoka kwenye kitambulisho chenyewe, si kwa kutajiwa. Na usichote majina na namba za vitambulisho kwenye kitabu cha wageni cha mlinzi getini. Ujanja huo ulishazeeka.

Urais usiuguse. Anza na wadi: Kisumu zipo 35, Nakuru 55. Viti vya uteuzi katika bunge la kaunti hugawanywa kwa kufuata viti vya wadi ambavyo chama kimeshinda, mradi orodha yako ya wateule ifike IEBC, tume ya uchaguzi, angalau siku 45 kabla ya uchaguzi.

Kikwazo chako mashinani ni kura za suti: mpiga kura anaanza na urais, anashuka na chama kile kile hadi karatasi ya sita. Ukimtukana kigogo wake umekwisha. Mwachie urais wake, umwombe karatasi moja. David Ochieng wa chama kidogo cha MDG alitwaa ubunge wa Ugenya, Siaya, katika uchaguzi mdogo wa 2019. George Natembeya alishinda ugavana wa Trans Nzoia 2022 kwa DAP-K, chama kilichokuwa ndani ya Azimio, muungano uliomsimamisha Raila Odinga kuwania urais.

Pesa ikibaki, ipeleke kwa mawakala, watu wa chama wanaolinda kura vituoni. Kituo cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo wadi ya watu 20,000 ina vituo visivyopungua 29. Tafuta mawakala 29, na wa zamu ya usiku. Wape chakula, tochi na simu yenye chaji. Kura za urais huhesabiwa kwanza, na wakala mwenye njaa huondoka kabla za wadi hazijafikiwa. Asitie sahihi Fomu 36A, ile ya matokeo ya wadi kituoni, kabla ya kulinganisha tarakimu na maneno. Akinyimwa nakala, apige picha ile iliyobandikwa mlangoni.