Somo: Kuhamisha filta ya oili ya mashine ya boti (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza niliihamishaje filta ya oili kutoka ubavuni mwa mashine hadi ukutani, na kila mara naandika upya maneno yaleyale. Leo nayaandika kwa mara ya mwisho. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kwanza, kama filta yako unaifikia kwa mkono bila kulala kifudifudi juu ya oltaneta, iache ilipo. Kila kiungo unachoongeza ni mahali papya pa kuvuja. Yangu ilikaa kwa kulala chini ya manifoldi ya ekzosi, upande unaotazama ubavu wa boti, na ngumi haikupita. Kila nilipoifungua, oili yake yote iliishia ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Baadaye nikaanza kuahirisha kubadilisha oili kwa sababu ya kero hiyo, na hapo ndipo niliposema basi.

Nazungumzia mashine ya dizeli ya ndani yenye filta ya kopo, ile inayofungwa kwa kuzungusha. Filta ya karatasi inayotumbukizwa kwenye nyumba yake ina mambo yake mengine.

Unahitaji adapta ya kukaa ilipokuwa filta, kichwa cha filta cha kufunga ukutani, mipira miwili ya oili, viungo vyake vinne, filta na oili mpya. Pima thredi (meno) ya nipo, yaani kijibomba ambacho filta hufungwa juu yake, kwa geji ya thredi, usikadirie kwa macho. Inchi 3/4 yenye meno 16 na M20 × 1.5 zinafanana mno: filta ya M20 itaingia kwenye nipo ya 3/4 huku ikicheza, ukadhani imeshika. Viungo navyo vina mtego wake. BSP na NPT, viwango viwili vya meno ya mabomba, za nusu inchi zote zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaingiana vizuri mwanzoni, lakini pembe za meno ni nyuzi 55 na 60. Zitabana na zitavuja.

1. Washa mashine dakika 10 oili ipate joto, zima, inyonye yote kwa pampu kupitia bomba la dipstiki.

2. Zima pampu ya otomatiki ya ngama, isije ikatapika oili baharini.

3. Fungua filta ya zamani na uhakikishe gasketi yake imetoka nayo. Gasketi mbili zikikaa pamoja, moja itachomoka presha ikipanda.

4. Chagua mahali: ukuta imara, si mwili wa mashine. Mashine inakaa juu ya raba na inatikisika, filta iliyojaa ni nzito, kishikio kitakatika. Filta ining'inie mdomo juu, ili uijaze kabla ya kuifunga na isimwage ukiifungua. Isiwe juu ya betri, oltaneta wala ekzosi. Isipande sana kuliko ilipokuwa, maana ukizima mashine oili inataka kurudi sampuni (bakuli la oili chini ya mashine), na kinachoizuia ni kiraba chembamba tu ndani ya filta. Acha nafasi chini yake; mimi nilipima kopo nikasahau kupima mkono.

5. Fanya kwanza jaribio la kupuliza la hatua ya 7. Kisha paka oringi (pete ya raba) ya adapta oili, funga, kaza kwa kipimo kilichotolewa na adapta.

6. Mipira iwe na tundu la ndani lisilopungua milimita 12.7, iwe ya oili ya moto, ya kuhimili nyuzi 120 na presha ya baa 20 au zaidi. Ncha zibanwe na mafundi wa mipira ya haidroliki, kwa mashine yao. Isuuze ndani kabla ya kufunga, kwa kuwa kukata mpira kunaacha vumbi la raba, na mpira wa kurudi unakwenda moja kwa moja kwenye beringi bila kupita filta tena. Kwa sababu hiyohiyo sitaki kuona tepu nyeupe ya mabomba kwenye viungo hivi. Kipande kikikatika kinaingia njia za oili. Acha mpira ulegee kidogo mashine ipate kucheza, na popote unapogusa kitu uvishe gamba la mpira mwingine. Mpira ukitoboka, sampu inakauka hujafika kwenye swichi.

7. KUUNGA MIPIRA. Hapa niliharibu, kwa hiyo hapa mtanivumilia. Filta ya kopo hupokea oili kwa matundu madogo ya pembeni, huitoa kwa tundu kubwa la katikati. Oili inayotoka pampuni lazima ifike pembeni, na ile ya katikati ndiyo irudi mashineni. Adapta yangu na kichwa cha ukutani vyote vilichapwa IN na OUT. Nikaunga IN kwa IN, OUT kwa OUT, nikafuta mikono. Kumbe OUT ya adapta ni oili inayotoka mashineni, na mahali pake ni IN ya kichwa. Nilikuwa nasukuma oili kinyumenyume. Kile kiraba nilichokitaja, kikisukumwa kutoka ndani, hujibana juu ya matundu ya pembeni na kuyaziba. Geji ikabaki sifuri. Mimi nikasema ni hewa, itatoka, nikapiga starta tena, na tena, na tena.

Usiamini maandishi. Kabla ya kufunga chochote, puliza kwa mdomo kwenye kila tundu la adapta na la kichwa, ona pumzi inatokea katikati au pembeni. Funga utepe mwekundu ncha zote mbili za mpira wa kwenda. Kisha puliza upya ukishamaliza kuunga, kabla filta haijafungwa.

8. Jaza filta, paka gasketi oili, kaza kwa mkono mpaka iguse kisha robo tatu ya mzunguko. Mimina oili sampuni na uongeze ya mipira: mita moja ya mpira wa milimita 12.7 hubeba karibu mililita 127, kwa hiyo mipira miwili ya mita moja ni robo lita.

9. Zungusha mashine kwa starta bila kuiwasha, kizimio kikiwa kimevutwa, mpaka geji ipande au taa ya oili izime. Sekunde 10, pumzika dakika nzima, rudia. LAKINI kama ekzosi yako ni ya maji, FUNGA KWANZA VALVU YA MAJI YA BAHARI. Starta ikizunguka, pampu ya maji nayo inazunguka. Mashine isipowaka hakuna moshi wa kuyatoa maji, yanajaa kwenye salensa, yakizidi yanarudi kwenye manifoldi na kuingia silinda. Hizo starta zangu zote za hatua ya 7 nilizipiga valvu ikiwa wazi. Nilipofungua plagi ya chini ya salensa ili tu nijiridhishe, maji yalinirukia mpaka kifuani. Yangepanda shubiri moja zaidi ningekuwa nauza vyuma chakavu. Funga kitambaa kwenye ufunguo wa kuwashia usisahau kuifungua valvu kabla ya kuwasha, maana impela ya pampu ya maji ikizunguka kavu haidumu.

Ukipiga mara nne presha haijapanda, acha. Rudi hatua ya 7.

10. Washa, pitisha tochi kwenye kila kiungo, zima baada ya dakika tano, subiri oili ishuke, pima dipstiki, ongeza. Rudia ukaguzi baada ya safari ya kwanza.

Maswali karibuni.

Kasia Moja: Mkuu somo zuri sana. Sasa mpira upi unaenda wapi?

Mwandishi: Hatua ya 7.

Kasia Moja: Nimeiona ila ni ndefu.

Mwandishi: Bei ya mashine ni ndefu zaidi.

Pwani Kavu: Nina mashine ya nje, tu-stroki, hospawa 40. Adapta ya saizi gani itanifaa?

Mwandishi: Haina filta ya oili, ndugu. Oili yake inaingia pamoja na petroli na kuungua nayo. Ulichoona ubavuni, kama ni kikombe kidogo cha plastiki, ni filta ya petroli. Usiihamishe.

Chuma Chakavu: Mnatisha watu bure. Mimi nimetumia mpira wa maji ya moto na klempu mbili kila upande, mwezi wa pili huu haijatoka hata tone.

Mwandishi: Mpira wa maji hautengenezwi kwa oili; unalainika kutoka ndani, nje ukiuona mzima. Na asubuhi mashine ikiwa baridi oili ni nzito, presha inaweza kupita baa 5. Hivyo klempu inashikilia mpira unaogeuka uji. Mwezi wa pili si kipimo. Ni boti yako, lakini somo hili sitalibadilisha.

Chuma Chakavu: Sawa profesa.

Demani: Shikamoo fundi. Nimesoma hatua ya 7 mara mbili. Geji ilikaa sifuri, ndiyo ikakushtua. Je, swichi ya presha inayolisha geji au taa ingekuwa kabla ya filta, si ingesoma presha ya pampu wakati beringi hazipati kitu?

Mwandishi: Marahaba Demani. Umegusa jambo ambalo nilipaswa kuliandika mwenyewe. Ndiyo, ingesoma. Pampu ingesukuma kwenye njia iliyozibwa, presha ingepanda mpaka valvu ya kupunguza presha ifunguke na kurudisha oili sampuni. Geji ingekupongeza huku beringi zikisagana. Yangu iko baada ya filta, kwenye njia kuu ya oili, ndiyo maana nilipona. Kwa hiyo kila mtu aijue yake iko wapi kabla ya kuitegemea. Kama iko kabla ya filta, legeza kifuniko cha valvu za silinda, kile cha juu ya mashine, wakati wa hatua ya 9 na uone oili ikifika juu kwenye roka (mikono inayosukuma valvu hizo) kwa macho. Inachukua muda, lakini hiyo haidanganyi.

Demani: Asante sana. La pili: ile valvu ya kupitisha oili filta ikiziba, ikiwa ilikuwa kwenye kitako cha filta cha zamani tulichokiondoa?

Mwandishi: Basi umeiondoa pia. Nunua filta yenye valvu hiyo ndani yake, au kichwa cha ukutani chenye nayo. Soma kitabu cha mashine kujua ilikuwa wapi na inafunguka kwa presha gani. Bila hiyo, asubuhi ya baridi oili nzito inaweza kupasua karatasi ya filta.

Tezi na Omo: Presha haipungui kwa umbali?

Mwandishi: Kwa mpira mpana, kidogo tu. Kinachoila ni viungo vya kona ya nyuzi 90. Tumia mpira upinde wenyewe. Utakachokiona ni geji kuchelewa sekunde moja au mbili unapowasha. Ikichelewa zaidi ya hapo, oili inarudi sampuni ukizima. Badilisha filta kwanza, kiraba chake kimechoka.

Tezi na Omo: Nami nitoe langu, maana sijahamisha na sitahamisha. Filta iliyolala, ivishe mfuko wa plastiki kabla ya kuilegeza, mkono uwe nje ya mfuko. Inaangukia ndani na oili yake yote. Chini weka pampasi ya mtoto.

Mwandishi: Ningelijua hilo miaka mitano iliyopita pengine somo hili lisingekuwepo.

Demani: Na filta ya zamani mnaitupa nzima?

Tezi na Omo: Sithubutu. Ikate kopo kwa kikata bomba au msumeno wa mkono, lakini ukitumia msumeno jihadhari na vumbi lake lisikuchanganye. Kunjua karatasi juani, pitisha sumaku. Vumbi la kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa ambavyo sumaku haivivuti, rangi ya shaba au fedha, hiyo ni beringi. Oili ya rangi ya maziwa, maji yameingia.

Kasia Moja: Nimepuliza. Zote mbili zinatokea katikati.

Mwandishi: Umepuliza tundu lilelile mara mbili. Geuza adapta.