Jinsi ya kuitendea haki hoja ya mpinzani kwenye mjadala wa imani

Kabla ya kujibu, uliza swali moja: mwenzako anadai jambo hilo haliwezekani, haliingii akilini kirahisi, au halijathibitishwa tu? Mabishano mengi ya dini huharibika hapohapo. Mtu akisema wingi wa mateso duniani unamfanya aone ni vigumu kuamini kuwa Mungu yupo, ukamjibu "huenda Mungu ana sababu zake", hujamgusa. Jibu hilo linamfaa anayedai kwamba Mungu na mateso haviwezi kuwapo pamoja hata kidogo. Huyu anapima uzito wa ushahidi, basi mjibu kwenye mizani hiyohiyo.

Kisha ipange hoja yake, misingi kwanza na hitimisho mwisho, umsomee hadi akiri kwamba ndivyo anavyosema. Chukua hoja ya chanzo cha ulimwengu, inayotumiwa kuonyesha kwamba Mungu yupo. Wanaoipinga hupenda kuifupisha hivi: kila kitu kina chanzo, sasa Mungu katoka wapi? Lakini Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliijenga hivi: kila kilichoanza kuwapo kina kilichokisababisha, ulimwengu ulianza kuwapo, kwa hiyo una kilichousababisha. Uzito wote uko kwenye "kilichoanza". Ukiliruka neno hilo unapigana na kivuli. Anayetaka kuipinga kweli ana milango miwili: ahoji kama ulimwengu ulianza, au ahoji kama kanuni tunayoiona kwa vitu vilivyomo ulimwenguni inauhusu ulimwengu wenyewe.

(Ghazali huyohuyo aliieleza falsafa aliyoipinga kwa uaminifu mkubwa, hata wasomaji wa Kilatini huko Ulaya wakadhani naye ni mmoja wa wanafalsafa hao.)

Nia za mtu ziache. "Unakana Mungu ili utende dhambi" na "unaamini kwa kuogopa kifo" ni kosa lilelile, na hata zingekuwa kweli, hoja ingebaki bila jibu.

Kuna pia wema uliopitiliza, nao hausemwi vya kutosha. Muumini anasema Mungu hujibu maombi. Wewe, kwa kumsitiri, unatafsiri kwamba maombi humtuliza moyo. Hapo umemvua imani yake ukamvika yako. Akisema "hapana, namaanisha Mungu hutenda", pokea dai lake kama lilivyo, na kama unaliona dhaifu, likosoe waziwazi.