Kibali cha shughuli ya nje Dar: kiandike kwa ajili ya mtu atakayekisoma saa 5 usiku

Nina miaka kumi na mbili nakodisha turubai, viti na mziki, kazi zangu nyingi ni Temeke na Kinondoni, na wateja wengi siku hizi wananiachia na mambo ya vibali humohumo. Kitu kikubwa nilichojifunza ni kwamba kibali unakiomba mchana kwa mtu mmoja halafu kinakuja kusomwa usiku na mtu mwingine kabisa. Yule afisa aliyekugongea muhuri saa hizo yuko kwake kalala, anayekuja ni askari wa doria au mgambo na tochi ya simu, hakujui, hajui mliongea nini ofisini, yeye anajua kilichoandikwa kwenye karatasi basi. Kwahiyo hatua zote hapa chini zifanye ukimfikiria huyo.

Hatua ya 1: jua upo halmashauri gani

Dar ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (ndo ile Ilala, ilipandishwa kuwa jiji 2021 baada ya halmashauri ya jiji ya zamani kuvunjwa), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ina sheria ndogo zake na ada zake, ile hela aliyolipa shemeji yako Mbagala usiibebe kama ndo bei ya Kawe. Kosa ninalokutana nalo sana ni watu wa Sinza na Manzese, mtu anaandika barua kwa Mkurugenzi wa Kinondoni kwa mazoea wakati kule ni Ubungo tangu ilipokatwa kutoka Kinondoni, barua inarudi na siku nne zimeshaenda.

Na kama ni uwanja kama Mnazi Mmoja, Mwembeyanga au Biafra, pata kwanza barua ya anayeusimamia ndo uchape matangazo. Ukianza na matangazo umejifunga mwenyewe.

Hatua ya 2: anzia mtaani

Mjumbe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji wa mtaa, halafu kata. Usiruke mtu hapo. Nenda mwenyewe, toa shikamoo yako, eleza shughuli ni ya nani na watu wangapi, omba barua ya utambulisho yenye muhuri. Najua kuna watu wanaona hii ni kupoteza muda wakati unaweza kwenda manispaa moja kwa moja, ila majirani wakilalamika usiku simu ya kwanza wanampigia mwenyekiti, na kama yeye anasikia habari ya shughuli yako kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye hasira, hakusaidii.

Pita na nyumba za jirani, angalau zile zinazotazamana na spika. Uliza kama kuna mgonjwa, mtoto mchanga, au msiba. Msiba ukitokea nyumba ya tatu kutoka kwako, kibali unacho lakini nenda kwa wafiwa kwanza, kaa chini, ongea nao. Nimeshawahi kusogeza ngoma ya mteja wiki nzima kwa sababu hiyo na sikujuta hata kidogo.

Hatua ya 3: barua, hapa ndo penye kazi

Barua iseme shughuli gani, ya nani, wapi hasa, tarehe, muda wa kuanza na kumaliza, makadirio ya watu, kama kuna mziki, jenereta, pombe, au msanii, na namba ya simu ya mtu ambaye atakuwepo pale muda wote. Weka namba ya mtu asiyecheza, bwana harusi hapokei simu siku hiyo.

Muda andika kwa maneno. Ukiandika "hadi 12:00" wewe unamaanisha saa sita usiku, mwingine anasoma saa kumi na mbili jioni, na huwezi kuanza kubishana saa za kizungu na za kiswahili na mtu ameshika rungu. Na kama shughuli inavuka saa sita usiku taja tarehe zote mbili.

"Wapi hasa" ndo ilinigharimu mimi. Tulikuwa na harusi Mwananyamala, barua nimeandika "nyumbani kwa bwana harusi", wageni wakazidi, nikaongeza turubai la pili likaziba njia yote. Saa 3 usiku ikaja bajaji ina mama mjamzito anakimbizwa hospitali, mkwe wake kashuka analia tupishe. Tukafungua kamba, wanaume sita tukanyanyua turubai kwa mikono, bajaji ikapita imezimwa inasukumwa katikati ya viti. Yule mama alikuwa ameng'ata kona ya kanga yake, hatoi sauti. Nusu saa baadaye doria ikafika, askari akasoma barua taratibu akanionyesha kwa kidole, "Kaka, hapa pameandikwa nyumbani. Hii ni njia." Sikuwa na jibu, na alikuwa sahihi. Spika mbili na mikisa vikaenda kituoni nikavifuata Jumatatu.

Tangu siku hiyo nachora ramani. Karatasi moja tu, kwa kalamu, turubai likae wapi, njia iko wapi, na upana gani unabaki wazi. Naenda na futi, napima mita tatu na nusu za gari kupita, nikikosa hizo basi turubai linapunguzwa, mteja akasirike tu. Kama lazima njia ifungwe, iseme kwenye barua, onyesha njia ya kuzungukia, na upeleke kwa wenye barabara: za mitaani ni TARURA, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS.

Hatua ya 4: manispaa na wengine

Peleka barua yenye maoni ya mtaa na kata, ulizia afisa utamaduni, shughuli za burudani zinapita kwake. Leseni na vibali vingi vya halmashauri sasa vinaombwa kwenye TAUSI, ule mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, malipo ni kwa kontrol namba, benki au simu. Hela mkononi bila kontrol namba usitoe, hata kama anayekuomba ni mtu mnafahamiana, maana usiku ule risiti ndo inaongea. Onyesho la wasanii la kiingilio lina mambo ya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) pia, hasa kama kuna msanii wa kutoka nje ya nchi. Pombe inauzwa? Leseni yake ni nyingine. Chakula, wapishi wawe wamepima afya.

Hatua ya 5: polisi

Mkusanyiko au maandamano sehemu ya wazi, Sheria ya Jeshi la Polisi kifungu cha 43 inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Mimi napeleka wiki nzima kabla, nakala mbili, moja inabaki kwao na ya pili narudi nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila huo muhuri huna ushahidi kwamba ulifika. Ukiwa na watu wengi au moto wa jikoni mkubwa ongea na Zimamoto pia, na kila mfanyakazi wako awe anaijua 114, namba yao ya dharura.

Hatua ya 6: kelele

Kibali cha sherehe hakikupi ruhusa ya kupiga mziki unavyotaka. Kuna kanuni za kelele na mitetemo za 2015 chini ya sheria ya mazingira, NEMC (baraza la mazingira la taifa) ndo wasimamizi, na kiwango cha usiku kiko chini kuliko cha mchana. Spika zielekeze ndani kwa wageni, zisitazame barabarani, jenereta weka mbali na madirisha ya watu. Mimi DJ wangu saa 4 anashusha besi, hilo tunakubaliana kabla sijampa hela ya kianzio. Besi inapita ukutani, mtu aliyefunga madirisha yote bado kitanda kinatetemeka.

Hatua ya 7: usiku wenyewe

Nakala zote weka kwenye faili la plastiki, juu kabisa kikae kibali, chini yake ramani, halafu risiti. Picha zake ziwe kwenye WhatsApp ya watu watatu. Wakija askari au mgambo, zima mziki kwanza, kabla hujaulizwa, halafu mpeleke pembeni penye taa. Salimia, omba kuona kitambulisho kwa heshima, mpe faili asome mwenyewe. Usiruhusu wajomba waliokunywa wasogee. Akisema kuna kosa, muulize ni kifungu gani cha sheria ndogo na faini yake inalipwa wapi, andika. Vyombo vikichukuliwa orodhesha kimoja kimoja na namba zake, mwombe asaini, piga picha.

Asubuhi yake fagia hadi mbele ya nyumba za jirani, taka zifungwe zisubiri gari. Na zile nondo za kushikia kamba mlizogongelea njiani chomoeni zote, zihesabuni, mashimo yafukieni palepale. Nondo moja ikibaki, mwenye bodaboda anaikuta usiku.