Kadi ya chipu: ichomeke, iache humo

Wenye maduka ya vinyago na shanga hapa Arusha, mteja akikupa kadi yenye kile kibati cha rangi ya dhahabu, usiipitishe ubavuni mwa mashine kwa mazoea. Ichomeke, chipu ikitazama juu, kisha tulia. Kijana wetu dukani aliichomoa baada ya sekunde mbili tu. Mashine ikagoma, na mtalii akaanza kuhofia amekatwa mara mbili. Subiri mpaka kioo kikwambie uitoe.

Ule mkanda mweusi wa sumaku hubeba taarifa zilezile siku zote, kwa hiyo mwizi akizinakili mara moja amemaliza kazi. Chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala. Wa jana leo haufai. Marekani, tangu Oktoba 2015, hasara ya kadi ya kughushi huweza kumwangukia mwenye duka asiye na mashine ya chipu.

Mnunuzi nawe, usikubali kadi ipelekwe nyuma ya kaunta. Omba mashine iletwe, ziba vitufe kwa kiganja unapobonyeza namba ya siri. Muuzaji haimhusu, hata awe shemeji yako.