Namna ya Kumhoji Bibi au Babu Kuhusu Maisha Yake

Kijana anayetaka kuijua historia ya ukoo wake mara nyingi huanza kwa kuuliza mwaka, na hapo ndipo mazungumzo hukwama. Wazee wengi wa Tanzania waliozaliwa kabla ya Uhuru hawakupata vyeti vya kuzaliwa, na kumbukumbu zao zimeshikamana na matukio zaidi kuliko tarehe. Ukimuuliza bibi, "Mlihamia hapa mwaka gani?" atakujibu, "Zamani sana, mjukuu wangu," kisha atanyamaza. Muulize hivi: "Bibi, mlipohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mama yangu alikuwa anatembea au ulimbeba mgongoni?" Hapo ataikumbuka safari yenyewe, mizigo waliyojitwika na nyumba waliyoiacha, nawe, ukijua kwamba watu walihamishiwa vijijini kwa wingi kati ya 1973 na 1976, utakadiria mwaka bila kumsumbua.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda, andika matukio machache ya kukuongoza: Uhuru wa Desemba 1961, Azimio la Arusha la 1967, Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, msako wa wahujumu uchumi wa 1983 na kifo cha Waziri Mkuu Sokoine cha Aprili 1984. Kwa maoni yangu, foleni za sukari na sabuni za miaka ile huwafungua wazee kuliko siasa, hasa akina mama waliozipanga tangu alfajiri.

Ukifika, mwamkie, kaa, mjuliane hali kwanza. Ukimkuta anachambua mchele, chambua naye, kwa sababu watu wengi husimulia kwa urahisi zaidi mikono ikiwa na kazi kuliko wanapotazamwa usoni. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu. Akinyamaza, ngoja, usimmalizie sentensi. Akisema Sokoine alifariki kabla ya Vita vya Kagera, usimkatize, kwani mzee anayesahihishwa kila mara huishia kujibu "ndiyo" na "hapana" tu. Akikwepa habari ya mtoto aliyefariki au ndugu ambaye hakurudi kutoka vitani, mfuate anakoelekea.

Naye atakuuliza kuhusu kazi yako au ndoa. Mjibu kwa kirefu, kwa heshima ileile unayoitaka kwake.

Baada ya wiki moja au mbili, rudi umsomee uliyoyaandika, ukianza na majina ya watu na mahali, maana hayo ndiyo hukosewa zaidi.